Sigara za Umeme na Sheria za Nchi Jirani

Mtu aliyezoea kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Kampala kwa njia ya Namanga na Nairobi, hukanyaga ardhi ya mataifa matatu katika muda wa siku moja na nusu hivi. Pasi yake ya kusafiria hugongwa mihuri, mizigo yake hutazamwa, na fedha zake hubadilishwa mara mbili. Hayo yote anayatarajia, kwa kuwa ndiyo desturi ya mipaka. Lakini wapo wasafiri siku hizi ambao wana mfukoni kitu kidogo, mfano wa kalamu nene au kisanduku cha kiberiti, ambacho Nairobi huuzwa dukani na kutozwa ushuru wa Serikali, na ambacho kikivuka Busia au Malaba kuingia Uganda huwa ni bidhaa iliyopigwa marufuku. Kitu chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Iliyobadilika ni ardhi iliyo chini ya miguu ya aliyekichukua.

Kitu hicho ni sigara ya umeme, ambayo vijana wa mijini huiita vepu. Kwa kuwa askari na polisi ni watu wa mipaka zaidi kuliko raia wengine, ama kwa kuilinda, ama kwa kuivuka wakiwa kazini, inafaa jambo hili lielezwe kwa urefu.

Sigara ya umeme haina jani la tumbaku ndani yake na wala haiwashwi kwa moto. Ina betri, ina waya mdogo uliosokotwa ambao hupata joto pale umeme unapopita, ina pamba iliyolowana maji mazito, na ina tundu la kuvutia. Maji hayo ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, gliserini, manukato ya matunda au peremende, na mara nyingi nikotini, ambayo ndiyo sumu ileile inayomfanya mvutaji wa sigara ya kawaida ashindwe kuiacha. Mvutaji anapovuta, waya huyachemsha maji na kuyageuza kuwa ukungu unaoingia mapafuni. Mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, ndiye aliyekiunda kifaa hiki mwaka 2003 katika sura iliyokuja kuenea duniani, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa nchini kwake. Mwaka 2003 huohuo ndio Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku. Basi haishangazi kwamba sheria nyingi za Afrika, zilizotungwa zamani zile, hazikukitaja kitu ambacho watungaji wake hawakuwa wamekiona.

Uganda ilikwisha kukiona. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyotiwa sahihi na Rais Yoweri Museveni na kuanza kutumika tarehe 19 Mei, 2016, haikuishia kwenye sigara za kawaida. Ilipiga marufuku kuagiza, kutengeneza, kusambaza, kuuza na kuingiza nchini sigara za umeme, pamoja na shisha, tumbaku ya kutafuna na kunusa, na tumbaku iliyotiwa manukato. Sheria hiyohiyo ilikataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, ikakataza kuuza sigara mojamoja, na ikamtaka mvutaji akae umbali wa mita 50 kutoka mahali pa watu wengi. Ni miongoni mwa sheria kali kabisa za tumbaku katika eneo letu.

Makampuni ya tumbaku hayakuipokea kwa furaha. British American Tobacco Uganda ilikwenda mbele ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, ikidai kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinavunja haki zake za kufanya biashara. Kesi ilichukua miaka. Mwezi Mei 2019 mahakama iliitupilia mbali. Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema kwamba katazo la Uganda ni la muda tu, litakuja kuondolewa na mahakama, walinyamaza.

Kwa nini nchi ikataze kifaa ambacho watengenezaji wake wanakisifu kwamba hakina moshi? Hapa pana mabishano ya kweli, na si haki kuyaficha. Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikiwahimiza wavutaji wakubwa waache sigara za kawaida na kushika za umeme kama njia ya kupunguza madhara. Mwaka 2023 Serikali ya huko ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivyo vya kuanzia. Hoja yao ni kwamba kinachoua zaidi katika sigara ni lami na moshi wa kuungua, si nikotini peke yake. Lakini Uingereza hiyohiyo, tarehe 1 Juni, 2025, ilipiga marufuku uuzaji wa zile za kutumia na kutupa, kwa kuwa zilijaa mikononi mwa watoto na kwenye majalala. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake lilitoa wito mwezi Desemba 2023 likizitaka serikali zichukue hatua za haraka. Kwa hesabu ya shirika hilo wakati huo, nchi 34 zilikuwa zimekataza kuuza sigara za umeme, nchi 88 hazikuwa na kikomo chochote cha umri wa mnunuzi, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Nchi moja inaziona kama dawa ya kuachia sigara, jirani yake anaziona kama chambo cha kuwanasa vijana ambao hawakuwahi kuvuta chochote, na ya tatu haijasema neno. Nchi maskini ina sababu yake ya ziada. Hospitali zake hazina vitanda vya kutosha kwa wagonjwa wa malaria na kifua kikuu, sembuse kupokea maradhi mapya yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Yapo pia maswali ambayo hata nchi tajiri zilijibiwa kwa gharama kubwa. Katika Marekani, kati ya mwaka 2019 na Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitali au kufa kwa maradhi ya ghafla ya mapafu yaliyotokana na uvutaji wa namna hii, na kati yao 68 walifariki. Uchunguzi uliwafikisha waganga kwenye mafuta ya vitamini E yaliyokuwa yamechanganywa ndani ya vichupa vya mafuta ya bangi, vingi vikiwa vimeuzwa kwa njia ya magendo.

Wapo watakaosema kwamba Uganda inajipinga yenyewe, kwani sigara za kawaida zinaendelea kuuzwa madukani Kampala huku za umeme zikikatazwa. Kwa mantiki ya karatasi, wana hoja. Tena wengine watakumbusha kwamba Tanzania yenyewe inalima tumbaku Tabora na kwingineko, na inapata fedha za kigeni kutokana na zao hilo, kwa hiyo haina mdomo wa kumhubiria yeyote. Hilo nalo ni kweli. Lakini mtu anayesimama mbele ya meza ya forodha Mutukula hakuitwa pale kujadili mantiki. Anaulizwa tu amebeba nini.

Na kwa kweli desturi hii si ngeni kwetu. Tarehe 1 Juni, 2019, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wageni walioshuka kwenye viwanja vya ndege vyetu walielekezwa mahali pa kuiacha mifuko hiyo kabla ya kuingia mjini. Rwanda ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2017. Mtalii aliyetoka nchi ambayo mfuko wa plastiki hutolewa bure dukani alishangaa, pengine alinung'unika, lakini aliuacha. Kadhalika shisha. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Mtanzania aliyeona ni sawa mgeni aache mfuko wake Kilimanjaro, hana sababu ya kukasirika akiambiwa aache sigara yake ya umeme Entebbe.

Wengi wanaopatwa na mkasa huu, hata hivyo, hawakukusudia kuvunja sheria ya mtu. Wanapotezwa na jambo moja ambalo linahitaji kuelezwa polepole, nalo ni tofauti kati ya sheria ya ndege na sheria ya nchi.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikataza sigara za umeme kuwekwa ndani ya mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege. Sababu ni betri. Betri za namna hiyo, zenye madini ya lithiamu, zinaweza kushika moto zenyewe zikigongwa au kifaa kikijiwasha ndani ya sanduku, na moto huo ukianza mahali pasipo na mtu, rubani hana namna ya kuufikia. Kwa hiyo abiria anatakiwa akichukue kifaa hicho mkononi, ndani ya chumba cha abiria, asikichaji humo na wala asikitumie. Betri isizidi uwezo wa wati-saa 100, na vichupa vya maji yake vifuate kanuni ya mililita 100 kama dawa ya meno na manukato.

Sasa abiria amesimama kwenye ukaguzi Dar es Salaam. Mkaguzi anakiona kifaa ndani ya begi la nguo, anamwambia akitoe akiweke mkononi. Abiria anatii, anapita, anapanda ndege. Moyoni anajisemea: wakuu wa usalama wamekiona, wameniruhusu, basi ni halali. Kosa lake liko hapo. Mkaguzi yule alikuwa anaangalia usalama wa ndege tu. Hakuwa anamwambia lolote juu ya sheria ya nchi anayokwenda. Akishuka, meza ya forodha itamwuliza swali jingine kabisa, na jibu la kwamba alikipitisha kwenye ukaguzi wa kule alikotoka halitamsaidia.

Mtego huu ni mkubwa zaidi kwa anayebadilisha ndege njiani. Ethiopia, kwa Tangazo lake Namba 1112 la mwaka 2019, nayo ilikataza kuingiza na kuuza sigara za umeme, na Addis Ababa ndiyo njia panda ya wasafiri wengi wa Afrika. Abiria anayebaki ndani ya ukumbi wa kusubiri ndege hajaingia Ethiopia kwa maana ya forodha. Lakini yule ambaye ndege yake imechelewa, akapewa hoteli ya kulala mjini, anagongewa muhuri na mzigo wake unapita mbele ya maafisa. Usiku mmoja tu wa hoteli unamfanya awe mgeni wa nchi ile na sheria zake zote.

Huko Ghuba, ambako watu wa Pwani na Visiwani wana ndugu na biashara tangu zamani, mambo yako vivyo hivyo. Umoja wa Falme za Kiarabu uliruhusu kuuza sigara za umeme, kwa masharti, kuanzia Aprili 2019. Kwa hiyo mtu akiwa Dubai atazikuta madukani zimepangwa kama peremende. Lakini kutoka Dubai hadi Muscat ni safari ya gari ya saa chache, na Oman ilikataza biashara ya vitu hivyo tangu mwaka 2015. Mwaka 2023 mamlaka ya huko ya kuwalinda walaji ilitoa uamuzi mwingine, na faini ya riali 1,000 kwa anayevisambaza. Qatar nayo imevikataza kwa muda mrefu. Mzanzibari anayemtembelea shangazi yake Muscat akipitia Dubai, na kumnunulia binamu yake zawadi ya namna hiyo akidhani ni kitu cha kisasa, anampelekea matatizo.

India, ambako wagonjwa wengi kutoka Tanzania hupelekwa kutibiwa, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutangaza sigara za umeme mwezi Septemba 2019. Kosa la kwanza linaweza kuleta kifungo cha mwaka mmoja, au faini ya rupia 100,000, au vyote viwili. Na kuweka akiba yake ni kosa lenye adhabu yake peke yake. Singapore imekwenda mbali zaidi ya wote hao, kwa kuwa tangu Februari 2018 sheria yake inamwadhibu hata yule anayeimiliki tu kwa kuvuta mwenyewe. Tangu tarehe 1 Septemba, 2025, mtu mzima akikamatwa mara ya kwanza hutozwa dola 700 za huko, na mgeni anayerudia kosa anaweza kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi tena. Singapore ilikaza kamba hivyo baada ya kugundua kwamba vichupa vingine vilikuwa vimetiwa etomideti, dawa ya usingizi inayotumiwa na madaktari katika upasuaji. Vijana walikuwa wakianguka barabarani.

Jambo hilo la vichupa linawahusu polisi moja kwa moja. Afisa aliyezoea kukamata bangi huijua kwa macho na kwa harufu. Mafuta ya bangi ndani ya kichupa cha sigara ya umeme hayana umbo la bangi, na manukato ya embe au mnanaa huifunika harufu. Kichupa kilichoandikwa nikotini kinaweza kuwa na nikotini, kinaweza kuwa na mafuta ya bangi, na kinaweza kuwa na kitu ambacho hata aliyekiuza hakijui. Ni maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali peke yake inayoweza kusema. Kwa hiyo kuna makosa ya pande mbili: kumwachia mtu mwenye dawa za kulevya kwa kudhani ni mvutaji tu, na kumtia pingu mvutaji wa kawaida kwa kudhani ni mlanguzi wa dawa za kulevya. Yote mawili yanaepukika pale kitu kinapotiwa lakiri vizuri na kupelekwa kunakohusika, bila afisa kuamua kesi barabarani.

Na kesi za barabarani ndizo zilizoitia aibu polisi ya Thailand. Nchi hiyo ilikataza kuingiza sigara za umeme mwaka 2014, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Watalii wengi hawajui. Mwanzoni mwa Januari 2023, mwigizaji mmoja kutoka Taiwan alisimamishwa usiku kwenye kizuizi cha polisi mjini Bangkok, akakutwa na sigara za umeme. Badala ya kufikishwa kituoni na kufunguliwa shauri, alieleza kwamba alishikiliwa kwa muda mrefu hadi zilipotolewa baht 27,000, ndipo akaachiwa. Alipokwisha kurudi kwao akayasema hayo hadharani. Polisi ya Bangkok kwanza ilikanusha. Siku zilivyopita, na mashahidi walipojitokeza, ikalazimika kukiri kwamba fedha zilichukuliwa, na askari waliohusika wakaondolewa kazini na kushtakiwa.

Ndugu wasikilizaji mlio katika Jeshi la Polisi mtaelewa vizuri kuliko wengine jinsi jambo kama lile linavyoanza. Sheria ni kali, mgeni haijui, adhabu yake inatisha, naye ana ndege ya kuwahi asubuhi. Hapo kila kitu kinamshawishi mgeni atoe na askari apokee. Wala mgeni hawezi kusema kwamba ameonewa bila kukiri kwamba alikuwa na kitu cha haramu. Sheria ya namna hii, isipotekelezwa kwa maandishi, hugeuka kuwa mgodi wa watu wachache, na sifa ya nchi nzima hulipia. Zile baht 27,000 ziliigharimu Thailand, nchi inayoishi kwa watalii, fedha nyingi mno kuliko hizo.

Hapa kwetu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka afisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekichukua, yenye sahihi ya mwenye mali au mkaaji wa mahali pale, na za mashahidi kama wapo. Wako askari wanaoiona karatasi hiyo kama usumbufu. Ukweli ni kwamba inamlinda askari mwaminifu kuliko inavyomlinda mtu mwingine yeyote, kwa kuwa siku atakaposingiziwa, ndiyo itakayomsemea. Kifaa chenyewe kikishakamatwa kisitupwe ndani ya stoo ya vielelezo pamoja na makaratasi na madumu ya mafuta. Kizimwe, betri yake itolewe kama inatoka, kisitobolewe wala kupondwa, na kiwekwe mahali pasipo na kitu cha kuungua.

Kwa upande wa jeshi, mambo yana sura nyingine. Mwanajeshi hasafiri kama mtalii. Anakwenda kwa amri, pamoja na wenzake, na begi lake mara nyingi hupakiwa pamoja na mabegi ya kikosi kizima. Mwaka 2022 majeshi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifanya mazoezi ya pamoja ya Ushirikiano Imara huko Jinja, Uganda. Maafisa wa nchi jirani huenda kusoma katika vyuo vya kijeshi vya wenzao. Na Entebbe ndipo kilipo kituo kikubwa cha huduma cha Umoja wa Mataifa kwa ajili ya misheni za eneo hili, ambapo wanajeshi na polisi wa kulinda amani kutoka mataifa mengi hupita. Wote hao wakikanyaga Uganda wako katika nchi ambayo sigara ya umeme hairuhusiwi kuingia.

Wengine hudhani kwamba kofia ya buluu inawatoa katika hilo. Ni kweli kwamba katika mikataba ya kawaida kati ya Umoja wa Mataifa na nchi mwenyeji, mwanajeshi wa kikosi cha kulinda amani akitenda jinai hushtakiwa na nchi yake mwenyewe, si na mahakama za mwenyeji. Lakini mikataba hiyohiyo inasema waziwazi kwamba wanajeshi hao wataziheshimu sheria za nchi waliko. Kinga ile imewekwa ili kazi isikwamishwe, na inamrudisha mkosaji mbele ya makamanda wake. Askari anayekutwa na mzigo wa vichupa hamsini vya kuuza uraiani hatafungwa pale alipo. Atarudishwa nyumbani na taarifa yake itamtangulia. Polisi wa misheni na waangalizi wa kijeshi wana hadhi ya wataalamu walio kazini, na kinga yao, ambayo ni ya shughuli za kazi tu, inaweza kuondolewa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kuvuta mvuke hotelini si shughuli ya kazi.

Kuna pia jambo la medani ambalo makamanda hawahitaji kuambiwa, ila vijana wanahitaji. Sigara ya umeme ina taa ndogo inayowaka kila inapovutwa, na ukungu wake mweupe ni mzito kuliko moshi wa sigara. Mlinzi wa usiku anayevuta kitu hicho anajitangaza. Na karibu na ghala la risasi au tenki la mafuta, kifaa chenye betri ya lithiamu na waya wa moto kina hatari yake hata kama hakina kiberiti.

Kwa anayesafiri, iwe kwa kazi au kwa likizo, kuna maelezo machache ya matumizi. Kuuliza kwanza kwenye ubalozi wa nchi anayokwenda, au kusoma tangazo la forodha yake, ni bora kuliko kutegemea maneno ya rafiki aliyekwenda miaka mitano iliyopita, kwa sababu sheria hizi zinabadilika upesi. Vietnam, kwa mfano, ilianza kutekeleza katazo lake Januari 2025. Kuviona vitu hivyo vikiuzwa kichochoroni si dalili kwamba vimeruhusiwa. Hata Kampala bado vinaonekana, na mwenye duka aliyeviuza hatakuwapo wakati mnunuzi akipekuliwa. Anayegundua njiani kwamba amekosea akiseme kifaa chake mwenyewe mbele ya meza ya forodha kabla begi halijafunguliwa, akikabidhi, na aombe stakabadhi. Akitakiwa kulipa faini, ailipe kwa afisa aliye ofisini na kwa risiti, na akidaiwa fedha pembeni, aombe apelekwe kituoni au apewe nafasi ya kuwaita maafisa wa ubalozi wake. Asikubali kamwe kumbebea mtu mwingine kifaa cha namna hiyo, hata kikiwa kipya ndani ya boksi, kwa kuwa hajui kilichomo ndani ya kichupa.

Na yule ambaye mwili wake umekwisha kuzoea nikotini kiasi kwamba safari ya siku tano bila kuvuta inamtia homa na hasira, ana njia nyingine. Zipo bazoka na bandiko za nikotini ambazo hutolewa kama dawa ya kuwasaidia wanaoacha sigara. Hizo hazina betri, hazitoi ukungu, na nchi nyingi zinazokataza sigara za umeme huziacha ziingie kama dawa nyingine. Aende nazo ndani ya boksi lake la awali, pamoja na barua ya daktari wa hospitali ya kikosi inayotaja jina la dawa na kipimo chake, na barua hiyo aiweke pamoja na pasi yake ya kusafiria, isiachwe ndani ya begi kubwa.